Meli ya barafu na daftari la mzee wa mashine

Waheshimiwa mlioketi mbele, afande wa polisi wa majini, walimu wetu, na nyinyi vijana mliojazana karibu na mlango kama abiria wanaoogopa kuachwa na kivuko: habari za mchana.

Mwalimu aliyenialika alinipigia simu juzi. "Mzee, kwenye karatasi ya mada yako umeandika meli ya kuvunja barafu. Si ulimaanisha ya kubeba barafu?" Nikamwambia hapana, kuvunja. Akanyamaza kidogo, akasema sawa mzee, wewe njoo tu. (Kicheko)

Simlaumu. Hapa Luzira barafu tunayoijua ni ile inayoteremshwa mwaloni kuwekewa sangara, na ile ya kwenye soda. Nyingine iko Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109, na hiyo nayo inatuaga polepole. Ziwa lenyewe linapitiwa na Ikweta. Ukipanda kivuko Nakiwogo kwenda Kalangala unauvuka mstari ule huku unatafuna gonja lako, na hakuna anayekushtua.

Lakini nimefanya kazi chini ya sitaha miaka thelathini na kitu, na ninachotaka kuwaambia kinahusu vivuko vyetu hivi hivi: serikali ikikodi kampuni ivisimamie, ujuzi wa chombo unabaki kwa nani. Nimechagua meli ya barafu kwa sababu kule kosa halifichiki. Kivuko kikizimika injini kati ya Entebbe na kisiwa cha Bugala, mtapiga simu, boti itakuja, mtalala njaa, kesho mtasimulia. Meli ikizimika ndani ya barafu ya Bahari ya Weddell, kule Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, jirani wa karibu ni pengwini.

Serikali ya Afrika Kusini ina meli moja ya aina hiyo, SA Agulhas II. Ilijengwa Rauma, Finland, ikakabidhiwa mwaka 2012. Urefu wake ni mita 134. Hupita kwenye barafu yenye unene wa mita 1 kwa mwendo wa kama kilomita 9 kwa saa, mwendo wa boda aliyebeba godoro. Na msidhani inakata barafu kama shoka. Omo yake, yaani pua ya meli, imelala, haikusimama wima, kwa hiyo inaipanda barafu na kuivunja kwa kuikalia. Kazi yake ni kupeleka watafiti, chakula na mafuta kwenye kituo cha SANAE IV huko Antaktika, na kwenye visiwa vya Marion na Gough. Hubeba abiria wapatao 100 mbali na mabaharia wenyewe.

Sasa, mwenye meli ni nani? Si jeshi la majini wala mamlaka ya bandari. Ni idara ya serikali inayoshughulikia misitu, uvuvi na mazingira. Hebu fikirini: wizara yetu ya Maji na Mazingira iko hapa hapa Luzira, mnapita mbele ya geti lake kila siku. Wale mabwana na mabibi ni wataalamu wa vyanzo vya maji na mabwawa. Wape funguo za meli ya mita 134, waambie injini ya pili ina joto, watafanya nini? Wataitisha kikao.

Ndiyo maana idara ile iliajiri kampuni. Kwa miaka mingi usimamizi wa meli ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Cape Town inayoitwa AMSOL, iliyokuwa ikijulikana zamani kama Smit Amandla Marine. Idara inasema: mwaka huu tunakwenda wapi, lini, na watafiti gani. Kampuni inaleta nahodha, maofisa, mabaharia, wapishi, vipuri, na ratiba ya kupandisha meli chelezoni. Wajerumani nao wana Polarstern, inayofanya kazi tangu 1982. Ni mali ya umma, sayansi yake iko kwa taasisi ya utafiti, na mabaharia wake wanatoka kwa kampuni ya meli ya F. Laeisz. Si jambo la ajabu. Hata MV Kalangala ni mali ya serikali yetu, na kwa miaka mingi imeendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika meli iliyokodishiwa usimamizi manahodha ni wawili tangu siku ya kwanza, mmoja ana hati ya umiliki na mwingine ana usukani. Sheria za bahari zililiona hilo. Baada ya feri ya Herald of Free Enterprise kupinduka Zeebrugge mwaka 1987 na kuua watu 193, dunia iliandika kanuni za usimamizi wa usalama, zinazoitwa ISM, zikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1998. Kanuni hizo huanza na swali dogo: "Kampuni" ni nani? Yaani, nani amekubali kwa maandishi kubeba jukumu la meli hii? Mwenye meli anaweza kumkabidhi msimamizi jukumu hilo lote, na jina la msimamizi likaandikwa kwenye hati. Lakini kukabidhi mzigo si kuondoa macho kwenye mzigo. Hapo ndipo nitakapokaa kidogo, na mniruhusu niingie chumba cha mashine, maana huko ndiko nyumbani.

Injini ya meli inanyonya maji ya nje ili ipoe. Chini ya ubavu wa meli kuna tundu kubwa lenye wavu, maji yanaingia kwenye sanduku la chuma, yanapita kwenye kichujio, yanakwenda kupoza, yanatupwa nje. Wenzetu mliokuwa watu wazima miaka ya tisini mnakumbuka gugu maji lilivyoifunga Port Bell, ungeweza kudhani umefika shamba la mchicha. Sisi wa chini tulikuwa tunalijua kwa harufu. Kipimo cha joto kinaanza kupanda, 80, 85, 90. Unapiga simu juu, nahodha anapunguza mwendo. Unafunga valvu, unafungua kifuniko cha kichujio, unaingiza mkono hadi bega. Unatoa majani yaliyooza, mizizi, madonge ya matope, mara nyingine samaki mdogo ambaye bado anashangaa. Dakika kumi. Ukichelewa, injini inazimika na upepo unakupeleka kwenye miamba. Na msidhani ni hadithi za kale: Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kiliziba mtambo wa umeme wa Nalubaale pale Jinja, na nchi nzima ikalala giza.

Kwenye barafu ni yale yale. Meli inapovunja barafu, vipande vinasagika vikawa uji, uji ule unanyonywa, wavu unaziba, maji hayaingii, injini inachemka katikati ya baridi inayogandisha mate. Dawa yake ni kurudisha maji ya moto yaliyotoka kwenye injini hadi kwenye sanduku lile la kunyonyea, yayeyushe uji. Valvu zipi zifunguliwe, kwa mpangilio gani, na ufungue kiasi gani ili usije ukanyonya maji ya moto matupu: hayo hayamo kwenye mkataba wowote. Yamo mkononi mwa mtu aliyewahi kuyafanya. Baharia wa Uganda aliyepigana na gugu maji akipelekwa kule hatakuwa mgeni kabisa. Atavaa makoti matatu tu.

Basi swali ni mtu yule anatoka wapi, na mkataba ukiisha anabaki kwa nani.

Kuna fomu ya mkataba inayotumika sana duniani kwa usimamizi wa meli, inaitwa SHIPMAN, ya chama cha wenye meli cha BIMCO. Kwa ufupi: msimamizi anafanya kazi kwa niaba ya mwenye meli, analipwa ada yake kwa mwaka, na gharama za mabaharia na matengenezo zinatoka kwenye bajeti aliyoidhinisha mwenye meli. Mnaona panapovuja? Kama mwenye meli hakuweka fungu la mafunzo kwenye bajeti, msimamizi hataliweka yeye. Na zile serikali zinazopenda kulipa bei moja ya jumla kwa kila kitu zinajidanganya zaidi, kwa sababu hapo kila shilingi inayokwenda kwa mwanafunzi inatoka mfukoni mwa kampuni. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni hesabu tu.

Na mafunzo ya barafu yana hesabu yake ya ajabu. Kanuni za meli za maji ya ncha za dunia zilianza tarehe 1 Januari 2017. Tarehe 1 Julai 2018 yakafuata masharti ya vyeti: nahodha na maofisa wa sitaha wanaopeleka meli kule wanatakiwa kuwa na mafunzo maalumu, ya msingi na ya juu. (Sisi wa mashine, kama kawaida, hatukutajwa kwenye vyeti hivyo.) Cheti cha juu hakipatikani darasani peke yake. Unatakiwa uwe umefanya kazi miezi 2 kwenye maji yale, au kazi inayohesabiwa sawa nayo. Sasa Antaktika inapitika majira yao ya kiangazi, Desemba hadi Februari hivi. Mkataba wa miaka 5 una viangazi 5. Ukitenga vitanda viwili vya wanafunzi kila safari, mwisho wa mkataba una watu 10 walioiona barafu kwa macho yao. Usipotenga, una sifuri na picha nzuri za pengwini. Na vitanda hivyo viwili kila mtu anavitaka. Profesa wa mawimbi anakitaka kimoja, mpiga picha wa televisheni anakitaka kingine.

Nakumbuka wenzetu wa Afrika Kusini walivyofanya na meli yao ya zamani, ile SA Agulhas ya kwanza. Ilipostaafu mwaka 2012 hawakuiuza chuma chakavu. Waliikabidhi mamlaka yao ya usalama wa bahari iwe meli ya mafunzo, na ndani ya msimu huo huo ikapeleka makadeti hadi Antaktika. Meli nzima ya mafunzo. Hilo lilinifurahisha kuliko meli mpya yenyewe.

Na mliwahi kusikia habari za Endurance, meli ya Shackleton, mvumbuzi wa ncha ya kusini, iliyosagwa na barafu na kuzama mwaka 1915? Ilipatikana tarehe 5 Machi 2022, kina cha mita 3,008 chini ya Bahari ya Weddell. Meli iliyokwenda kuitafuta ilikuwa hii hii Agulhas II. Nahodha wake alikuwa Mwafrika mwenzetu, Kapteni Knowledge Bengu. Jina lake ni Maarifa, ukitaka kulitafsiri. Wazazi wake walikuwa wanaona mbali. Pembeni yake alikuwapo Kapteni Freddie Ligthelm, rubani wa barafu. Nahodha mmoja wa kuamuru, mwingine wa kusoma barafu: ipi ni ya mwaka mmoja, inavunjika, na ipi ni kongwe, ya rangi ya buluu, ngumu kama mwamba wa Tororo. Ninyi mkiona picha ya chumba kile cha usukani mtaona vioo na kompyuta. Mimi naona viti viwili.

Sasa nitawasimulia yangu. Sitataja kivuko wala ziwa, na afande naomba usinikisie. Kulikuwa na kivuko cha umma kilichokabidhiwa kampuni kutoka nje ikisimamie. Mkataba nilikuja kuusoma baadaye. Kurasa nyingi juu ya bima, kurasa nyingi juu ya malipo. Juu ya mafunzo, mstari mmoja: "Msimamizi atatoa mafunzo yanayofaa kwa wafanyakazi." Yanayofaa! Neno hilo limetuponza. Tulipewa siku mbili za darasa, projekta, soda na keki, na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Yule mwalimu alikuwa kijana mzuri sana, lakini hakuwahi kushuka chumba cha mashine kwa sababu alikuwa amevaa viatu vyeupe.

Mkataba ukaisha, kukawa na ubishi wa malipo, jamaa wakafunga mizigo. Wakaondoka na michoro ya mabomba. Labda kwa nia mbaya, labda ilikuwa tu kwenye kompyuta zao. Wiki ya pili maji yakaanza kupanda chini ya injini, ngama, yaani tumbo la chini la chombo, inajaa, pampu inazunguka lakini haivuti. Valvu kumi na nne, zote zimeandikwa nambari tu, nyingine nambari zilishafutika kwa rangi. Tukajaribu hii, tukajaribu ile. Kivuko kikafungwa gatini siku 11. Watu wa visiwani wakapanda mitumbwi, na mnajua mitumbwi ile inavyopakia.

Siku ya kumi mtu mmoja akasema, "Na yule mzee wa oili?" Mzee wa oili alikuwa amestaafishwa na kampuni ile kwa sababu hakuwa na cheti. Alikuwa kwao, upande wa Busia, analima mihogo. Tukamtuma mtu. Akaja kesho yake kwa boda, amevaa koti la Jumapili, na chini ya kwapa ana kavera jeusi, mfuko wa plastiki. Ndani ya kavera kuna daftari la shule, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Miaka yote ile alikuwa akichora mabomba kwa penseli. Kila bomba, kila valvu, kwa Kiswahili chake cha melini. Akaramba kidole, akafungua ukurasa, akasoma: "Namba 9 ya ngama hukwama. Rudisha nyuma kidogo kwanza ndipo ufungue. Usipige nyundo." Akashuka ngazi, akarudisha nyuma kidogo, akafungua. Pampu ikavuta.

Akaomba nauli ya kurudi.

Tangu siku hiyo, waheshimiwa, nikisikia serikali inatangaza zabuni ya kusimamia chombo, swali langu la kwanza si bei. Nauliza: daftari ni la nani?

Msinielewe vibaya. Mimi si adui wa kukodi usimamizi. Nimewahi kufanya kazi pia chini ya utaratibu wa serikali mtupu. Pete ya mpira ya bei ya chakula cha mchana inaombwa Machi, inapitia kamati, inafika Septemba, na saizi siyo. Kampuni nzuri inaileta kesho yake. Mabaharia wanalipwa kwa wakati, na nahodha asiyefaa anaondolewa bila barua ya mheshimiwa fulani kumtetea. Kwa hiyo kodini. Lakini anayekodi abaki na watu wake wawili watatu wanaoijua meli hadi kwenye ngama, wanaopanda kila safari, wanaoweza kusoma kitabu cha mashine na kusema hapa mmetudanganya. Bila hao, siku ya kukagua utatuma mhasibu, na mhasibu atakagua risiti.

Waaustralia nao wana meli ya barafu, inaitwa Nuyina. Mwaka 2016 walitia saini na kampuni ya Serco mkataba mmoja mkubwa: isimamie usanifu, ujenzi, uendeshaji na matunzo. Meli ikajengwa Romania, ikafika Hobart, kisiwani Tasmania, Oktoba 2021, nzuri ajabu, mita 160. Halafu mwaka 2023 mkuu wa bandari akakataa isipite chini ya Daraja la Tasman kwenda kwenye gati la mafuta lililo upande wa pili. Daraja lilikuwapo tangu 1964! Ikabidi meli iende kujaza mafuta Burnie, ncha nyingine ya kisiwa, safari ya zaidi ya kilomita 600. Siwacheki. Nchi tajiri, wanasheria hodari, mkataba mnene kama msahafu. Nasema tu kwamba katika kila mkataba kuna daraja la namna hiyo, na anayeliona mapema ni yule anayepita pale kila siku.

Na mwisho wa mkataba ndio unaoonyesha sura. Sisi Waganda tumeshajifunza kwa umeme: mkataba wa Umeme, kampuni iliyokuwa ikitusambazia umeme, ulikuwa wa miaka 20, ukaisha tarehe 31 Machi 2025, na bei ya kurudishiana mali ikawa ubishi mkubwa. Nguzo za umeme angalau zinaonekana, unaweza kuzihesabu. Maarifa ya mtu aliyepanda ndege kurudi kwao huwezi kuyahesabu, wala kuyadai mahakamani.

Kwa hiyo nyinyi mtakaokaa siku moja kwenye meza ya kuandika mikataba, na wapo humu, nawaona: futeni neno "yanayofaa". Andikeni vitanda vingapi, kwa safari zipi. Andikeni kwamba ada ya mwaka inakatwa kitanda kikikaa tupu. Andikeni kwamba michoro, kumbukumbu za mashine na nywila zote ni mali ya mwenye meli tangu siku ya kwanza, na nakala inakaa gatini, si kwenye kompyuta ya mtu. Na miezi sita ya mwisho ya mkataba, watu wa zamani na wapya wakeshe pamoja zamu moja, mmoja akifanya na mwingine akiangalia, kisha wabadilishane. Hilo la mwisho ni ghali, watawaambia ni ghali, na ni kweli. Mkubali.

Kuna binti pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja pengwini. Ameniandikia kikaratasi: "Mzee, mimi wa Masese naweza kweli kufika kwenye hizo meli za barafu?" Sikuahidi kazi, binti yangu, sina meli. Lakini cheti chako cha ubaharia kwanza, halafu muda wa baharini, Mombasa au Dar, hata kama ni kwenye tagi la bandari. Omba chumba cha mashine. Huko hawagombanii nafasi sana, kuna joto na kelele, na wapishi wanatusahau.

Mzee wa oili alifariki. Watoto wake walinipa daftari. Liko hapa mezani, kwenye kavera lake lile lile. Anayetaka kunakili aje baada ya chai na kalamu yake; mapicha ya simu sitaki, nataka mchore kwa mkono. Na ukurasa wa namba 9 umelainika, mfungue taratibu.